Mashini ya jirani na usingizi wa mtoto



Juma hili, wamama wa Butembo, Beni, Oicha na Lubero, tuongee juu ya kelele. Si kelele za watoto wakicheza, hizo ni baraka ya nyumba. Tunataja mashini: jenereta, ile tunayoita gurupe, mashini ya kusaga muhogo na mahindi, ya kuchomelea vyuma, hata ile ya kukata majani kwenye viwanja vikubwa. Zote zinafanya kazi ya maana. Lakini zikiunguruma saa nne ya usiku, ukuta kwa ukuta na chumba cha mtoto mchanga, hatuwezi kunyamaza.

Tuseme ukweli kwanza. Wengi wenye mashini hizo ni sisi wenyewe. Kuna mama ambaye friza yake ya samaki ndiyo inalipa minervali ya watoto. Kuna mjane ambaye mashini ya unga ndiyo mume wake aliyobaki nayo. Umeme wa maji umeanza kufika kwenye avenyu kadhaa, lakini si kwa kila mlango. Basi yeyote atakayesema "zima zote" anaomba watu walale njaa. Hatuombi hivyo. Tunaomba saa, mahali na heshima.

Kwa nini jambo hili ni zito? Sababu ya kwanza ni afya. Sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku inaharibu masikio polepole, na masikio yakishaharibika namna hiyo hayaponi tena. Kwa chumba cha kulala, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kelele isipite desibeli 30 usiku. Mtoto asiyelala vizuri anasinzia darasani, na mama aliyenyonyesha usiku kucha katika ngurumo anaamka bila nguvu ya kwenda shamba.

Sababu ya pili ni moshi. Moshi wa jenereta una gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Kuogopa wezi kusikufanye uiwashe ndani ya nyumba ao kwenye barza iliyofungwa, hata kama dirisha liko wazi. Mtu akilalamika kichwa, akitapika na kulegea, mtoe nje mara moja, kisha umpeleke hospitali.

Sababu ya tatu tunaijua sisi wa huku kuliko wengine. Usiku wetu unahitaji masikio. Jirani akipiga filimbi ao sufuria kuomba msaada, ni lazima avenyu nzima isikie. Mashini inayonguruma mlangoni inaweza kumeza kilio cha mtu. Kimya cha usiku kwetu si starehe, ni ulinzi.

Je, sheria inasemaje? Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inalinda mazingira hayo. Dekreti namba 13/015 ya tarehe 29 Mei 2013 inaweka chini ya ruhusa viwanda na vituo vya kazi vinavyoweza kudhuru ao kusumbua majirani. Kwa hiyo, mtu akija kusimika kiwanda kando yenu, mnayo haki ya kuuliza: ruhusa iko wapi?

Wengine wameandika hata saa. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2009, usiku unahesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na nje ya nyumba za watu kelele isipite desibeli 35. Huko Marekani, mji wa Washington ulikataza tangu Januari 2022 mashini za petroli za kupuliza majani, kwa sababu ya kelele na moshi. Wao wana umeme wa kubadilishia. Sisi tuanze na kile tulicho nacho.

Tunapendekeza hivi. Kila kikundi kimwombe shefu wa avenyu awakutanishe wenye mashini na majirani. Wenye mashini waongee kwanza, waseme wanahitaji saa ngapi. Kisha kubalianeni saa ya kuzima, muiandike katika daftari, na wote watie sahihi. Mgonjwa, matanga na kazi ya hospitali viwe na nafasi yao.

Halafu mashini ihamishwe. Kila unapoongeza umbali mara mbili, mahali pa wazi, sauti inapungua karibu desibeli 6. Weka vipande vya gurudumu la zamani chini yake, geuza bomba la moshi mbali na madirisha, na kama silensia imetoboka, ibadilishwe. Majirani watatu wenye friza wanaweza pia kuchangia jenereta moja, wakapunguza kelele na pesa ya mafuta.

Mtu akikataa kabisa, msiende kwake mkiwa na hasira, wala msimtume kijana kukata waya. Rudini kwa shefu na daftari lenu, kisha kwenye kartie, kisha kwenye komini. Ofisi hizo zina mizigo mikubwa ya usalama. Ombi lililoandikwa na kutiwa sahihi na watu ishirini linasomwa upesi kuliko kelele za mama mmoja.

Kwenye mkutano wenu wa juma hili, kabla ya kuhesabu pesa za likelemba, ulizeni swali moja: katika avenyu yetu, mashini zizimwe saa ngapi? Mtuletee jibu, tutalitangaza hapa ili wengine waige.