INJINI HAINA JINI: TUSIIUZE KWA UZEMBE WETU

Ndugu wanachama,

Jumamosi tutakaa chini ya mwembe kuamua mambo mawili: kuuza injini ya pampu yetu kama chuma chakavu, na kumkata kijana wa pampu posho yake kulipia petroli iliyoungua bure. Mimi nasema hapana kwa yote mawili. Nasema mapema, tena kwa maandishi, asije mtu akasema hakusikia.

Shitaka ni moja. Kijana anazima swichi, injini inaendelea kunguruma. Wengine wanasema anaiacha makusudi ili auze maji usiku. Wengine eti bonde lile lina mwenyewe, mpaka achinjiwe mbuzi. Jamani! Mbuzi tutamla sisi, na Jumatatu injini itanguruma vile vile.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: hewa, petroli na cheche ya plagi. Kuzima swichi ni kukata cheche tu. Hewa na petroli bado zipo. Kwa hiyo ikikataa kuzimika tujiulize: nani anaiwashia? Ama cheche haikukatika, ama ndani mna kitu cha moto kinachofanya kazi ya cheche. Kujua ni kipi, tumia masikio.

Ukizima ikaendelea laini kama hujagusa kitu, basi cheche ipo. Katika injini ndogo kama yetu swichi haikati umeme kama swichi ya taa. Yenyewe inaunganisha waya mwembamba wa koili na mwili wa injini, umeme ukamwagikia huko badala ya kwenda kwenye plagi. Waya huo ukikatika, ukichomoka, au ukiliwa na kutu pale unapogusa chuma, utazungusha swichi mpaka vidole vichubuke. Nendeni mkautazame waya wetu. Mimi nimeutazama: ulikatika, ukafungwa kwa kamba ya katani! Ndugu zangu, katani sisi watu wa Korogwe tunaijua. Ni kamba nzuri ya kufungia mbuzi, lakini haipitishi umeme. Siku ncha mbili zikigusana injini inazimika, siku zikiachana haizimiki. Ndiyo jini lenyewe hilo.

Lakini siku nyingine ukizima inashtuka-shtuka, inagonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu, halafu ndipo inakufa. Huo ni ugonjwa wa pili. Cheche imekatika, ila silinda ina joto kupita kiasi. Masizi yaliyoganda juu ya pistoni yanakuwa mekundu kama kaa la jiko, na petroli ikiingia inawakia pale pale. Mashine ya kusaga ya dizeli ndiyo iliyoumbwa kuishi bila cheche. Inawasha mafuta kwa joto la mgandamizo, na inazimwa kwa kunyimwa mafuta. Injini ya petroli ikianza kuiga dizeli, ni mgonjwa.

Nani kaiunguza? Ni sisi. Mapezi ya silinda, yale ya kupitishia upepo, yamejaa tope na majani makavu. Tunaiendesha kwa kasi kubwa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha tunaikatiza ghafla ikiwa bado inachemka. Na tunainywesha petroli ya chupa. Hapa ndipo nitakapochukiwa.

Petroli tunanunua barabarani kwa sababu ni karibu, na kwa sababu muuzaji ni shemeji wa mtu. Sisemi kila muuzaji ni mwizi. Nasema hatujui tunachonunua. Mchezo wa kuchanganya petroli na mafuta ya taa haukuanzia kijijini kwetu. Ulikuwa mkubwa nchini hata mwaka 2010 mafuta yakaanza kutiwa vinasaba ili yaliyochakachuliwa yajulikane, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tamaa hiyo ipungue. Mafuta ya taa hayavumilii joto na mgandamizo kama petroli. Yanawaka kabla ya kuitwa, na yanaacha masizi. Tunaokoa shilingi kwenye chupa, tunailipa kwenye pistoni. Anayebisha adondoshe tone moja kwenye karatasi nyeupe, kivulini, mbali na moto. Petroli safi itakauka. Yenye mafuta ya taa itaacha doa la mafuta.

Msidhani ni jambo dogo. Mto wetu huu wa Pangani unaingia baharini pale Pangani mjini, ng'ambo ya Bweni. Kwenye boti ya injini, nahodha mwenye akili hujifunga kamba ya kuzimia. Akianguka, kamba inachomoka na injini inazimika. Katika injini nyingi ndogo za boti, kamba ile inategemea waya wa namna hii hii. Waya ukiwa mbovu kamba inakuwa pambo, na aliyeanguka majini anabaki na pangaboi linalozunguka karibu na miguu yake.

Kwa hiyo ikikataa kuzimika tena, tufanye hivi: shusha kasi mpaka chini, funga koki ya mafuta, vuta choki, subiri. Usichomoe waya wa plagi kwa mkono, utapigwa. Usimwagie maji silinda ya moto, itapasuka. Usichomoe mpira wa mafuta juu ya bomba la moshi. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilianguka, likawaka moto, wakafa watu zaidi ya 100. Petroli haina mazoea na mtu.

Sasa huyu mnunuzi wa chuma chakavu. Amekuja mara tatu. Hivi mtu anarudi mara tatu kwa kitu kisichofaa? Yeye anajua kuwa waya ule ni wa bei ya chai na maandazi. Sisi hatujui, ndiyo maana yeye ananunua na sisi tunauza. Waulizeni wenzetu waliohamia hapa kutoka Handeni, wanaokumbuka foleni ya ndoo kwenye lambo. Handeni wanavutiwa maji kwa bomba refu kutoka mto huu huu, sisi tunaopakana nao tunataka kuuza pampu!

Na huyu kijana. Fungueni daftari la pampu, ukurasa wa nyuma. Ameandika mara mbili: "swichi haizimi". Kamati ilisoma ukurasa wa mbele tu, ule wa mapato. Leo tunataka alipe yeye. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini huyu hakuficha. Sisi ndio tuliofumba macho.

Napendekeza hivi:

1. Waya mpya ufungwe kabla ya Jumamosi, na swichi ijaribiwe mbele ya wanachama wote.
2. Fundi afungue kichwa cha silinda, akwangue masizi, aweke plagi inayotakiwa na injini ile. Mapezi yasafishwe kila wiki.
3. Petroli inunuliwe kituoni kwa risiti, itunzwe kwenye dumu moja la ushirika.
4. Kabla ya kuzima, injini iende taratibu dakika tano ipoe.
5. Kijana alipwe posho yake yote, na mwenyekiti asome daftari kurasa zote.

Haya yakifanyika na bado ikakataa kuzimika, nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono iuzwe. Lakini kwanza tuzime uzembe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hata matofali hatuna.

Ushirika ni nguvu, wenye macho.

Mwanachama mwenzenu,
shamba la tatu kutoka mtoni