Porsche au Peugeot ya Zamani?

Huenda kijana wako amebandika ukutani picha ya Porsche 911, naye akuambia kwamba hakuna motokaa iipitayo. Kwa mbio hasemi uongo. Carrera iliyotoka mwaka 2019 ina nguvu za farasi 385, nayo hufika kilometa 293 kwa saa, penye lami nzuri lakini. Haya, mwulize: mgonjwa atalazwa wapi? Viti vya nyuma vyafaa watoto tu, na injini imekaa huko huko nyuma.

Sasa itazame Peugeot 404, iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1960. Injini yake ni ya lita 1.6 tu. Hata hivyo ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yakinyesha, na matope hayaulizi una farasi wangapi! Tumbo lake liko juu, springi zake huvumilia mashimo, na kabureta fundi wa kijijini aweza kuifungua kwa spana. Porsche ya leo huongozwa na kompyuta; pasipo mashine ya kuipima, fundi huyo atakuna kichwa.

Ila tusiisifu bure. 404 haina mifuko ya hewa ya kumkinga abiria, na zile za kwanza zina breki za ngoma, zisizoshika kama za Porsche. Ukipandishwa humo usiku wa mvua, mwambie dereva apunguze mwendo kabla ya kuufikia mteremko.