ASIYE NA DINI NAYE ANA IMANI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo wengi tunalisema kwa kunong'ona. Katika nchi yetu mtu akishajulikana kuwa haendi msikitini wala kanisani, huhesabiwa kuwa hana imani, hana matumaini, na pengine hata haya hana. Nasema si kweli.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa miaka thelathini na kitu, nafundisha kisiwani Juani, Mafia, jirani na magofu ya Kua. Nilizaliwa Rufiji katika nyumba ya dini, nikasoma Kurani utotoni, kisha nikaenda chuo cha ualimu. Tangu ukubwani sifuati dini yoyote. Sikugombana na shehe wala padri. Niliona tu kwamba nikitamka maneno ambayo moyo wangu hauyashuhudii, nitakuwa namdanganya yule ninayemwomba. Siku za karibuni, katika mkutano wa wazazi, mzee mmoja alisimama akauliza kama inafaa mtu wa namna yangu kukabidhiwa watoto. Aliuliza kwa adabu, na ana haki ya kuuliza. Watu waliguna, mkutano ukaendelea na habari za madawati, na swali lake likabaki bila jibu.

Kwanza tutazame Kua yenyewe. Huu ulikuwa mji, una jumba la wafalme, misikiti kadhaa na makaburi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia, wakaua watu na kuchukua wengine utumwani, na mji haukusimama tena. Leo mizizi imeshika kuta na mibuyu imeota mlimokuwa na watu. Lakini ukiingia katika magofu hayo utakuta chupa za marashi, sarafu na mabaki ya ubani. Nani anaviweka? Ni watu wa swala tano hao hao. Mama mwenye mgonjwa nyumbani huja hapa peke yake akaweka nadhiri, wala hakuna kiongozi wa dini aliyemtuma. Mimi sisemi kwamba mzimu unaponya. Ningemshauri aanzie zahanati. Nataka tu ieleweke kwamba matumaini yake hayakutoka katika safu za msikiti, na hakuna mtu kijijini anayemwita asiye na imani.

Tena wataalamu wa mambo ya kale wamechimba hapa Juani, hata katika eneo la shule ya msingi, wakapata vigae vya watu wa zama za chuma za awali. Watu hao walivua, walipika na kulea watoto kabla misikiti ya Kua haijajengwa. Je, tuseme waliishi bila matumaini?

Sasa nije kwenye jambo langu hasa. Upande wa mashariki wa kisiwa, unaoelekea bahari kuu, kasa hupanda pwani usiku kutaga. Kiota kimoja huwa na mayai mia na zaidi, na hukaa mchangani kama miezi miwili. Zamani mayai hayo yalikuwa chakula. Siku hizi wapo wanavijiji wanaovilinda viota na kuhesabu siku. Nimewapeleka wanafunzi wangu kutazama. Mchanga hutikisika kidogo, kinatokea kichwa kimoja kama kokwa la embe, halafu wote wanafumka kwa pamoja na kukimbilia majini. Watoto ambao darasani siwezi kuwanyamazisha hata kwa kengele, hapo hawasemi neno. Msichana mmoja wa darasa la nne akaniuliza, "Mwalimu, nani kawaambia bahari iko wapi?" Nikamweleza kwamba hufuata mwanga wa upeo wa bahari, kisha mawimbi, na wakiwa mbali huongozwa na nguvu ya sumaku ya dunia, na kwamba jike akikua, baada ya miaka ishirini na zaidi, hurudi kutaga pande zile zile alikozaliwa. Mwenzake akasema, "Mungu kawaambia." Sikumpinga, wazazi wake ndio wenye haki hiyo. Lakini mimi niliyejua habari ya sumaku sikushangaa chini yao. Nilishangaa zaidi.

Huniuliza pia, "Na ukifa je?" Sijui kuliko wengine. Wataalamu hukadiria kuwa katika watoto 1,000 wa kasa pengine mmoja tu hufikia utu uzima. Huyo akirudi hapa, mimi nitakuwa nimestaafu au nimezikwa, na yule msichana atakuwa mtu mzima anayejua kwa nini kiota hakifukuliwi. Hilo linanitosha kuamka alfajiri na kusahihisha madaftari sitini.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani. Tangu ile sensa ya mwaka 1967 Serikali haijamwuliza mwananchi dini yake katika sensa. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kusali kweli kweli, na ndiye aliyesisitiza kwamba Serikali haina dini. Basi mzee wangu anipime kwa mahudhurio yangu, kwa watoto wanaojua kusoma, na kwa jinsi ninavyokaa na binti zake. Kipindi cha dini kimo katika ratiba yetu, na mara nyingi kengele yake naipiga mimi.

Walimu wenzangu wa bara na visiwani mlio katika hali hii, wazazi wakiwauliza mnawajibu nini? Naomba mwandike.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Juani, Mafia.