Mgeni Aje, Mwenyeji Apone

Kila mwaka, kaskazi inapovuma na joto la kiangazi kufikia kilele chake mwezi Februari, vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hujaa watu wa mataifa mbalimbali waliofuata muziki. Miezi michache baadaye, masika yakishapita na kipupwe kuingia, huja wengine waliofuata filamu. Kati ya misimu hiyo miwili wamo maelfu wasiofuata tamasha lolote. Hao hutaka tu kupita katika mitaa ya Shangani, Hurumzi na Kiponda, kuitazama milango ya nakshi, na jua likizama wakae Forodhani wakipunga upepo wa bahari. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 500,000. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 700,000.

Habari hizo ni njema, na hakuna mpenda maendeleo atakayezibeza. Utalii ndio nguzo kubwa ya uchumi wa Visiwani, hasa baada ya karafuu kupoteza hadhi yake ya zamani katika soko la dunia. Lakini idadi ya wageni pekee haitoshi kupima mafanikio. Yapo maswali mawili ambayo hapana budi yaulizwe kila msimu: mgeni anayekuja Mji Mkongwe hufuata nini hasa? Na yule anayempa kitu hicho hupata nini?

Jibu la swali la kwanza ni rahisi. Mgeni hafuati mawe. Majumba ya kale yamo katika nchi nyingi, na mengine ni makubwa na yametunzwa vizuri zaidi. Mgeni hufuata mji ulio hai: mji ambao ndani ya majumba hayo wamo watu wanaopika, wanaosali, wanaooana, wanaocheza dhumna na bao barazani, na wanaonunua kahawa kwa vikombe vidogo huku wakibishana juu ya mpira na siasa. Usiku ukiingia, wachoma mishikaki na wauza urojo, pweza na juisi ya miwa huwasha taa zao Forodhani, na vijana hushindana kujitupa baharini kutoka ukutani. Hayo hayakubuniwa na wizara wala kampuni yoyote. Ni maisha ya watu wenyewe.

Ndivyo ilivyo pia kwa sanaa inayosifiwa leo ulimwenguni. Taarabu ilianza katika kasri la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wachache. Klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, na hadi leo jina lake linaheshimiwa. Lakini aliyeifikisha taarabu kwa umma, kwa Kiswahili cha umma, ni Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu ili apate riziki. Siti aliingia mjini hana jina wala mali. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima ya Afrika Mashariki. Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili mwaka 2013, naye alitoka katika tabaka hilo hilo la wanyonge. Utamaduni ambao wageni wanaufuata Mji Mkongwe, kwa sehemu kubwa, uliletwa na watu wa shamba na wa Ng'ambo ambao zamani hawakuwa na nyumba katika mji huo wa mawe.

Jambo hilo si dogo. Utajiri uliojenga majumba ya Mji Mkongwe ulitokana na biashara ya pembe, karafuu na binadamu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na juu ya kiwanja chake likajengwa kanisa ambalo wageni hulitembelea hadi leo. Anayekuja kustarehe hana budi kupita hapo pia, maana bila hivyo atakuwa ameona nakshi ya mlango asijue nani aliubeba mzigo ulioingia kwa mlango huo. Mji Mkongwe ulipotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, sababu mojawapo iliyotajwa ni historia hiyo ya utumwa na ya kukomeshwa kwake.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, nyumba nyingi za mji huo zilitaifishwa, na familia za wakulima na wafanyakazi zikapewa makazi humo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mchukuzi alilala katika chumba ambacho babu yake alikijua kwa kupiga deki tu. Ni kweli kwamba utunzaji wa nyumba hizo uliwashinda wengi. Kodi zilikuwa ndogo, mafundi walikuwa wachache, na nyumba kadha wa kadha zilianguka. Kwa ajili hiyo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 1994 ukatengenezwa mpango wa hifadhi kwa ushirikiano na Shirika la Utamaduni la Aga Khan.

Kutunza nyumba hizo ni kazi yenye elimu yake. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, na sakafu zake za juu hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukipigwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, boriti huoza, na siku moja sakafu hushuka. Hasara ya kuchelewa ilionekana Desemba 25, 2020, wakati sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash, ilipoporomoka likiwa katika matengenezo. Watu 2 walipoteza maisha yao.

Hapo ndipo wanapopata hoja wale wanaotaka nyumba zaidi zigeuzwe hoteli. Husema kwamba mwenye hoteli ana fedha za kukarabati, na kwamba majumba kadhaa yaliyokuwa magofu leo yamesimama imara kwa sababu ya mitaji ya utalii. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na si haki kuipuuza. Lakini ni nusu ya ukweli. Nyumba ikigeuzwa hoteli, ukuta hupona na jirani huondoka. Zikigeuzwa nyumba 10 katika mtaa mmoja, duka la unga hufungwa na kugeuka duka la vinyago, chuo cha Kurani hupungukiwa na watoto, na baraza hukosa wazee wa kulikalia. Kodi hupanda hata kwa nyumba ambazo hazikuguswa. Mwisho wake mtaa huwa umetengenezwa vizuri, umepakwa rangi, na hauna mtu.

Haya si mambo ya kubuni. Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, ni maarufu duniani kwa majumba yake, kanivali yake na tamasha lake la filamu. Mwaka 1951 eneo lake la kale lilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Kufikia mwaka 2022 walikuwa wamepungua chini ya 50,000, ilhali wageni walihesabiwa kwa mamilioni. Mwaka 2024 mji huo ulianza kuwatoza kiingilio wageni wa siku moja katika siku za msongamano, kana kwamba mtu anaingia katika jumba la makumbusho. Mji unaouza tiketi mlangoni umekwisha kukiri kwamba wenyeji wake wanashindwa na wageni. Unguja ina nafasi ya kujifunza kabla ya kufika huko.

Ama matamasha yenyewe, hayo yanastahili kusifiwa. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na limepata heshima kwa kutofungia filamu zake mjini tu, bali kuzipeleka pia vijijini Unguja na Pemba. Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 na kwa sehemu kubwa ya maisha yake limekuwa na jukwaa ndani ya Ngome Kongwe. Limewakutanisha wanamuziki wa Afrika nzima, wakipiga ala zao wenyewe mbele ya watu, na kwa muda mrefu limeweka bei ya chini kwa wananchi ili mlango usiwe wa mwenye dola peke yake. Hoteli hujaa, wenye teksi hupata safari, mamantilie hupika usiku kucha.

Hata hivyo, mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha. Mwaka 2019 chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 kufundisha udi, ganuni, fidla na ngoma za asili, kilitangaza kwamba kilikuwa katika hatari ya kufungwa kwa sababu hiyo hiyo. La kushangaza ni kwamba mwaka huo huo wageni zaidi ya nusu milioni walipita Zanzibar. Fedha zilikuwapo. Zilipita pembeni ya mpiga ganuni zikaenda kwingine. Mtu akikamua ng'ombe kila siku na kumwachia jirani kazi ya kumlisha, asishangae siku maziwa yatakapokauka.

Jibu la swali la pili, basi, ni kwamba mwenyeji hupata kidogo mno kuliko anachotoa. Hali hiyo inaweza kurekebishwa. Kwanza, sehemu maalumu ya kodi inayotozwa hoteli haina budi kutengwa kwa sheria kwa ajili ya kufundisha sanaa na kuendesha matamasha, yasiendelee kutegemea hisani ya wafadhili wa ng'ambo ambao leo wapo na kesho hawapo. Pili, nyumba za Serikali na za Wakfu zilizobaki ndani ya Mji Mkongwe zihifadhiwe kuwa makazi, na wapangaji wake wasaidiwe kwa mikopo nafuu na mafundi wa chokaa, badala ya kungojwa ziwe magofu ndipo apatikane mwenye mtaji. Tatu, hoteli zinazoalika vikundi vya taarabu na ngoma ziwalipe wasanii ujira wa haki kwa mkataba, si nauli na sahani ya pilau.

Kwa upande wa wageni, karibu yao haina masharti mengi. Wavae kwa heshima wapitapo mitaani, maana mitaa hiyo ni nyua za watu. Wasimpige mtu picha bila ridhaa yake. Wakati wa Ramadhani wakumbuke kwamba mwenyeji wao amefunga. Zaidi ya yote, wasiufanye mji kuwa wa saa 2 kati ya uwanja wa ndege na ufuko wa Nungwi au Paje. Walale humo, wale chakula cha humo, wanunue tiketi ya taarabu, waisikilize hadi mwisho. Starehe ya namna hiyo humfaidi mgeni na mwenyeji pamoja.

Viongozi wanaohusika na wananchi wa Mji Mkongwe wanapaswa kuyajadili mambo haya mapema, kabla ya msimu kuja na shamrashamra zake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame.