Albamu ikiuzika, nani hufaidika?
Mwaka 2001 msanii wa Tanzania Joseph Haule, maarufu kwa jina la Professor Jay, alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Wimbo wake Ndio Mzee, unaomkejeli mwanasiasa mwenye ahadi tele, ulidhihirisha kuwa rap ya Kiswahili yaweza kuwa na soko lake. Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi.

Hata hivyo, umaarufu si fedha. Enzi hizo biashara ya kanda ilishikwa na wasambazaji wachache wa Dar es Salaam, na nakala bandia hazikumlipa msanii chochote.

Suala hilo linaigusa pia Chienge, mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, ambako Kiswahili cha Pweto, ng'ambo ya mpaka, hukutana na Kibemba, lugha anayorapu Chef 187. Kanda zimetoweka, sasa nyimbo huhamishwa kutoka simu moja hadi nyingine. Chama cha ZAMCOPS hukusanya mirabaha ya wanamuziki wa Zambia, lakini wimbo uliopitishwa hivyo hauachi hesabu. Pasipo hesabu, msanii hupendwa na wengi, ila halipwi.