Funikeni Jaa Kwanza

Wenzangu hapa Paje wanabishana: kioo gani cha nukta nyekundu kinafaa bunduki ya upepo ya kupigia kunguru? Nukta ya MOA 2 hufunika kama sentimita 6 kwenye mita 100. Kwenye mita 20, sentimita moja na kidogo. Shabaha basi si tatizo. Tatizo ni kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake: akifa mmoja, wenziwe huijua bunduki.

Waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka. Mpaka leo tunawalisha kwa majaa ya wazi na mabaki ya hoteli. Nasema bei ya kioo hicho inunue mapipa yenye vifuniko. Tukiendelea kuwaandalia chakula, tutapiga risasi mpaka tuchoke.