Mwenye kusema hapana hajanunuliwa

Kuna neno tunalisikia sana siku hizi ku mikutano yetu: "Ule amekula." Mtu anasimama, anasema maandamano ya kesho hayajapangwa vizuri, hata avoka wa kufuata wale watashikwa hajapatikana. Mbele amalize, sauti zinaanza: nani amekutuma, wamekupa ngapi? Anakaa. Tunapiga kura, tunaandika kwamba wote wamekubali. Kumbe watu wamenyamaza tu, na kesho yake kuna mwenye atalala buloko juu ya ile haraka yetu.

Tukumbuke Januari 2015. Wale walikataa uchaguzi usubirishwe mpaka raia wote wahesabiwe walikuwa wachache, na tarehe 17 Bunge la taifa lilipitisha ile sheria. Kuanzia tarehe 19 vijana na wanafunzi wakatoka barabarani, Kinshasa, Goma, Bukavu. Damu ilimwagika. Tarehe 25 sheria ikapita bila kile kipande. Mwezi wa Machi, Fred Bauma na Yves Makwambala wakashikwa, wakaitwa watu wa njama, wakatoka Agosti 2016. "Ametumwa" ni neno la wenye nguvu. Siye tunaliokota ya nini?

Mwaka 1969, kule Ufaransa, Serge Moscovici aliweka watu 6 mbele ya picha za rangi ya bulu. Wawili walikuwa wamepangwa waseme ni kijani. Waliposhikilia neno lao kila mara, karibu majibu 8 kwa 100 ya wale wengine yakageuka kijani. Walipoyumba, ilibaki karibu 1 tu. (Na ilikuwa uongo! Basi kushikilia neno peke yake haitoshi, lazima sababu zisikike na zipimwe.)

Kwa hiyo wachache nao wako na kazi. Ukikataa ndani ya mkutano, usikubali ukifika inje, halafu usiku ukatae tena ku WhatsApp. Rudilia sababu yako bila matusi. Pale wengine wako na haki, sema wako na haki, watakusikiliza zaidi.

Tunaomba vikundi vyote, kuanzia mkutano wa mwezi huu: mwenye kupinga amalize maneno yake mbele ya kura, sababu zake ziandikwe ndani ya ripoti, na mwenye kusema "amekula" alete ushahidi pale pale ao aombe musamaha mbele ya wote.